Usimwamini Anayekwambia "Tutaiyeyusha"

Wajukuu zangu, kuna kauli inayozunguka Kariakoo siku hizi, kwenye vibaraza vya Mtaa wa Congo na kwenye vyumba vya saluni za ghorofani, nami nimeisikia mara nyingi mno, siwezi kuendelea kuinyamazia. Binti anaulizia bei ya kujazwa midomo. Anasitasita, anajitazama kwenye kioo cha simu. Muuzaji anacheka: "Ondoa wasiwasi dada, ukichoka nayo tunaiyeyusha, unarudi kama ulivyokuwa." Hapo hapo binti anafungua pochi.

Ingekuwa uongo mtupu nisingehangaika, maana uongo mtupu una siku zake. Ubaya ni kwamba kauli hiyo ina ukweli ndani yake. Dawa ya kuyeyusha ipo kweli. Nimeishika kwa mikono hii nikiwa muuguzi wa thieta ya macho, kabla sijastaafu na kurudi kukaa nyumba ya marehemu baba hapa Gerezani. Inaitwa hialuronidesi, ni kimeng'enya. Ninachowaonya ni kufanya maamuzi ya leo kwa kutegemea kwamba dawa hiyo itakuja kesho kuyafuta. Mnaambiwa kwamba maji haya yakimwagika yanazoleka. Kaeni niwaeleze yanazoleka kiasi gani.

Nianze na kile kinachojazwa. Filla nyingi za midomo na mashavu ni za asidi ya hialuroniki. Jina zito, lakini umeibeba mwilini tangu tumboni mwa mama yako. Ni sukari zilizoungana mnyororo mrefu sana, unaovuta maji na kuyashika. Ukiigusa inateleza kama mlenda. Iko kwenye ute wa magoti, iko ndani ya jicho, na karibu nusu yake iko kwenye ngozi. Mtu mzima wa kilo 70 ana takribani gramu 15 mwili mzima, na kila siku mwili huvunja kama theluthi moja ya hiyo na kutengeneza nyingine. Kwa hiyo vimeng'enya vya kuivunja unavyo tayari, vinafanya kazi usiku na mchana bila kukuuliza. Ndiyo sababu viwandani minyororo ya filla hufungwa pamoja kwa kemikali: ya asili hukaa ngozini siku moja au mbili tu, iliyofungwa huweza kukaa miezi sita, mwaka, na mara nyingine zaidi. Na iliyofungwa sana ni ngumu zaidi kuyeyusha. Hilo muuzaji halisemi.

Sasa kimeng'enya chenyewe. Mwaka 1928 mtafiti Francisco Duran-Reynals aliona kwamba majimaji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama yakichanganywa na kirusi cha chanjo ya ndui na kuchomwa kwenye ngozi ya sungura, kirusi kile kinasambaa kuliko kawaida. Kulikuwa na kitu kinachofungua njia. Miaka michache baadaye, mwaka 1934, Karl Meyer na John Palmer huko New York wakaitenga asidi ya hialuroniki kutoka jicho la ng'ombe, na hatimaye ikaeleweka kwamba kile kitu cha sungura kazi yake ni kuikata hiyo asidi, ukuta wa ute ulio kati ya chembe na chembe. Mpaka leo sehemu ya hialuronidesi inayouzwa duniani hutokana na korodani za kondoo au za ng'ombe, ingawa iko pia inayotengenezwa maabara kwa mfano wa ile ya binadamu.

Tazameni sasa ni nani wengine wanaoitumia. Nyuki wameiweka kwenye sumu yao. Nyoka wengi pia, ili sumu ipenye haraka kutoka pale jino lilipoingia. Mbegu ya kiume hubeba aina yake ya kupenyea ute unaolizunguka yai. Bakteria wa majipu na wa madonda ya koo huitoa wanapotaka kuingia ndani zaidi. Wote hao shida yao ni moja: kupenya mahali palipofungwa. Kimeng'enya hicho ndicho mnachoambiwa ni kifutio.

Hospitali tuliitumia kwa heshima. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari huweza kuichanganya kidogo na dawa ya ganzi inayochomwa pembeni ya jicho, na ganzi hutawanyika vizuri zaidi. Dripu ikivuja nje ya mshipa na mkono ukavimba, kuna aina za dawa ambazo hialuronidesi husaidia zisikae mahali pamoja na kuozesha nyama. Zipo siku hizi dawa za saratani ya matiti zilizochanganywa nayo, zinazochomwa chini ya ngozi kwa dakika kama tano badala ya mgonjwa kulala na dripu. Ni dawa njema. Sina ugomvi nayo.

Kuna jambo nililiona thieta ambalo sijapata njia bora ya kuwaelezea vijana. Kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho hutumika pia jeli ya asidi ya hialuroniki, daktari anaiweka ndani ya jicho ili kulinda sehemu laini anapofanya kazi. Basi siku moja kazi imekwisha, jeli kidogo imebaki kwenye sindano, daktari akaamua kuwafundisha wanafunzi. Akakamua matone mawili kwenye trei ya chuma. Yakasimama, meupe kama hakuna kitu, yamejikunja juu kwa kiburi. Tone la kwanza akaliongezea hialuronidesi iliyochanganywa asubuhi ile, akakoroga taratibu kwa ncha ya sindano. Baada ya dakika chache likalegea, likalala, likatiririka mpaka ukingoni mwa trei. Tone la pili akaliongezea ya kichupa kilichochanganywa Ijumaa na kusahauliwa juu ya kabati mpaka Jumatatu. Akakoroga. Tukasubiri. Lile tone likaendelea kusimama vilevile. Halafu akaviinua vichupa vyote viwili kwenye taa. Maji meupe, safi, huwezi kuvitofautisha hata kwa dawa.

Kimeng'enya ni protini. Joto huiharibu, na ikishaharibika haibadiliki rangi, haitoi harufu wala haigandi. Inabaki inaonekana dawa. Zipo za majimaji ambazo lazima zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Zipo za unga, ambazo huvumilia zaidi kidogo, lakini nazo huandikwa zisizidi nyuzi 25, na zikishatiwa maji zitumike muda uleule. Sasa niambieni, ni stoo gani ya Kariakoo yenye nyuzi 25 mwezi wa pili? Nje ni 32, ndani ya stoo ya juu chini ya bati hata sitaki kukisia. Mzigo umekaa kwenye kontena, ukakaa bandarini, ukapakiwa kwenye toroli ukapita Msimbazi jua la utosi, ukaingizwa kwenye friji ya soda ambayo mwenye duka anaizima usiku ili luku isiishe. Asubuhi anaiwasha, chupa zinapata ubaridi, mteja anakuja anaona "inatunzwa kwenye friji". Ubaridi wa asubuhi haurudishi kilichokufa usiku.

Na kuna suala la kipimo. Dawa hii haipimwi kwa kijiko wala kwa "nusu sindano". Hupimwa kwa yuniti, yaani kwa nguvu yake ya kuvunja. Kuna kichupa cha unga chenye yuniti 1,500, na kuna cha majimaji chenye yuniti 150 kwa kila mililita. Vyote vidogo, vyote vinatoshea kiganjani. Mtu asiyejua tofauti hiyo atakupa mara kumi ya anachodhani, au sehemu ya kumi ya unachohitaji siku roho yako iko mkononi. Mtazameni pia anavyoichanganya. Anayekitikisa kichupa kama chupa ya dawa ya kikohozi mpaka povu lijae, hajafundishwa. Huzungushwa taratibu kati ya viganja. Na kichupa kilichofunguliwa kwa ajili ya mteja wa saa nne asubuhi hakipaswi kumngoja mteja wa saa kumi. Mnajua magonjwa yanayopita kwenye sindano na vichupa vya kuchangia, sina haja ya kuyataja, tumeyazika na wenzetu.

Haya, tuseme dawa ni nzima, imetoka kwenye ubaridi wa kweli. Bado huyeyusha kitu kimoja tu: asidi ya hialuroniki. Silikoni haiigusi. Mafuta haiyagusi. Filla za kalsiamu na za plastiki hazisikii habari zake. Nyie ni wadogo, lakini mama zenu wanakumbuka zama za "Mchina", wanawake walivyokuwa wakichomwa vitu makalioni na hakuna aliyejua ndani ya sindano kuna nini. Uvimbe unaotokana na vitu hivyo huweza kujitokeza miaka baadaye, na tiba yake mara nyingi ni kisu. Kwa hiyo mtu akikwambia "tutaiyeyusha" wakati boksi limeandikwa Kichina kitupu, au hakuna boksi, sindano imeletwa imeshajazwa kutoka chumba cha nyuma, anaahidi kuyeyusha kitu asichokijua.

Mjukuu wangu mmoja aliniuliza, "Bibi, mbona wasanii wanafanya na wanapendeza?" Wanapendeza, ndiyo. Picha za aliyeharibikiwa huzioni kwa sababu amezima simu.

Sasa nifike mahali penyewe, na hapa nisikilizeni kwa masikio yote mawili. Usoni kuna mishipa ya damu inayoungana na ya jicho. Ile ya puani, ya katikati ya nyusi, ya paji la uso, ya mikunjo inayoshuka kutoka pua hadi mdomoni. Sindano ikiingia ndani ya mshipa mmojawapo na mtu akasukuma kwa nguvu, jeli huweza kurudi kinyumenyume mpaka kwenye mshipa wa jicho, ikauziba. Jicho linazimika pale pale kwenye kiti. Ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haivumilii kukosa damu muda mrefu. Wataalamu huhesabu kama saa moja, saa moja na nusu, kisha imekufa. Na hata kwenye nchi tajiri, kwenye kliniki zenye hialuronidesi chumbani na daktari bingwa mlango wa pili, waliorudishiwa uoni ni wachache. Dawa ya kuyeyusha ipo, na jicho halirudi. Hili nalitamka kama mtu aliyefanya kazi kwenye macho: sijui lugha nyingine ya kuwaambia.

Jeli ikiziba mshipa wa ngozi badala ya wa jicho, una bahati kidogo, maana kuna saa chache za kupigania. Dalili ya kwanza ni weupe. Pale palipochomwa, au mbali na pale, ngozi inapauka ghafla. Sisi weusi weupe huo hauonekani haraka kama kwa Wazungu, unaweza kuonekana kama kijivu au majivu, na ndiyo maana lazima mtu abonyeze kwa kidole na kutazama damu inavyorudi. Ikichelewa, kuna tatizo. Baadaye yanakuja madoa ya zambarau yaliyosukana, maumivu yasiyolingana na kichomo kidogo kile, na ukiacha, malengelenge na kidonda cheusi. Hapo ndipo hialuronidesi inapohitajika kweli: mamia ya yuniti, kueneza eneo lote lililokosa damu, kuangalia, na kurudia kila saa mpaka rangi irudi. Hiyo ni kazi ya daktari na ya vichupa vingi, siyo ya kimoja kilichofichwa nyuma ya makopo ya losheni.

Hesabu sasa saa zako, tuseme ni jicho. Umechomwa saa kumi na moja jioni karibu na Mtaa wa Swahili. Aliyekuchoma anaogopa kesi, anakwambia ni kawaida, weka barafu, nenda nyumbani, kesho itakuwa sawa. Barafu inabana mishipa ambayo tayari imezibwa. Ukishtuka saa moja usiku na kuamua kwenda hospitali ya macho kule Msasani, una foleni ya kutoka Kariakoo mbele yako, mvua ikinyesha Jangwani ndiyo basi.

Kuna na hizi kalamu zinazouzwa mitandaoni, zisizo na sindano, zinazosukuma jeli kwa shinikizo la hewa mpaka ipenye mdomo. Vijana wawili watatu wanachangishana, wanaagiza, wanajifanyia chumbani. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo la wazi dhidi ya kalamu hizo. Hakuna anayeweza kujua shinikizo lile limeipeleka jeli wapi. Zitupeni.

Kimeng'enya chenyewe nacho kina tabia yake. Ndugu zangu mnaovimba uso mzima mkiumwa na nyuki mmoja, mwambieni daktari kabla hajaigusa, maana nimeshasema, nyuki anayo. Mwili uliojifunza kuichukia kwenye mwiba wa nyuki unaweza kuichukia kwenye sindano, ukafunga koo, ukashusha presha. Si wengi hupatwa na hilo, lakini anayepatwa anahitaji adrenalini dakika hiyo hiyo, na mtu wa kumchoma. Muulize mwenye saluni adrenalini yake iko wapi. Tena, haichomwi mahali penye usaha au jipu kwa sababu itafungulia vijidudu mlango, isipokuwa daktari ameona mshipa umeziba na hakuna njia. Wala mtu asije kuwadanganya kwamba ni dawa ya kupunguza uvimbe wa kuumwa na wadudu. Maelezo yake yanakataza hilo. Na tusisahau kwamba haichagui: inavunja ya kiwandani, inavunja na ya kwako iliyo jirani. Ya kwako mwili utaitengeneza tena, lakini siku za mwanzo usishangae kuona shavu limebonyea kuliko lilivyokuwa kabla hujaanza safari.

Ninyi vijana mnaoleta mizigo, ninyi pia ni wanangu. Najua mnavyohangaika. Najua kodi ya fremu, najua mkopo, najua kukesha mkiongea na wakala wa Guangzhou. Kariakoo hii imelisha familia zetu tangu soko halijawa na paa lile la mbunifu Beda Amuli. Lakini kinachopita chini ya ngozi si kipodozi. Usikiweke rafu moja na poda na wanja, ukajitetea kwamba wateja wanakiulizia. Dawa inasajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inauzwa na mfamasia, ina namba ya toleo na mnyororo wa ubaridi wenye karatasi. Nimeuona mkorogo ukiingia mjini, nimewaona waliojikoboa kwa zebaki wakiungua, na wauzaji wakisema vilevile, wateja wanaulizia. Mkorogo angalau ulipakwa juu ya ngozi. Ukiacha kupaka, umeacha. Ukipata kesi ya jicho la mtoto wa mtu, faida ya kontena zima haitakutoa.

Mabinti, sikatazi urembo. Mimi mwenyewe Ijumaa siendi popote bila hina na udi, na wanja naupaka mpaka leo mkono ukitetemeka. Kama umeamua kujazwa, hospitali zenye madaktari wa upasuaji rekebishi na wa ngozi zipo jijini hapa. Nenda huko, kaa mbele ya daktari, na usione aibu kumhoji. Muulize usajili wake Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize anachochoma ni nini, akuoneshe boksi likiwa limefungwa, usome tarehe. Kisha muulize hialuronidesi iko wapi, na usikubali jibu la "tunaweza kuipata". Iwe chumbani, kwenye friji yenye kipimajoto, vichupa zaidi ya kimoja. Akikasirika, beba pochi yako. Daktari aliyefundishwa vizuri hafadhaiki kwa swali hilo, atafurahi, maana wagonjwa wanaouliza ndio wanaorudi mapema mambo yakienda mrama.

Na kama umeshafanya, au rafiki yako amefanya kwa siri, na sasa ngozi imepauka, inauma sana au jicho limepata ukungu, usimpigie aliyekuchoma kumwomba ushauri. Jicho likihusika nenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye madaktari wa macho, Muhimbili au CCBRT ya Msasani, usianzie zahanati ya mtaani wala kungoja asubuhi. Panda bodaboda kama barabara imefunga, mtu akushike nyuma. Usiweke barafu. Andika saa uliyochomwa, hata kwenye kiganja. Beba boksi, sindano, kikaratasi, chochote kilichobaki, ili daktari ajue anapambana na asidi ya hialuroniki au na kitu kingine kisichoyeyuka. Kama huna boksi, mwambie hivyo hivyo kwamba hujui ulichomwa nini na aliyekuchoma si daktari. Hatakupeleka polisi. Atajua aanzie wapi.